Wimbo Mwatuachia?

Mkutano wa injili ulikuwa umekwisha, jenereta imezimwa, vijana wanakunja nyaya, na kanta, lori letu, imerudi kinyumenyume hadi karibu na jukwaa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mchangani, nafunga zipu ya mfuko wa kinanda. Nikaona miguu miwili imesimama mbele yangu, mikavu, imeshika vumbi jekundu la huko juu ya Marafa, nje ya Malindi. Nikainua uso. Alikuwa hawe mmoja, bibi ambaye jioni zote tatu alikaa chini mbele kabisa, leso moja kiunoni na nyingine mabegani.

"Mwanangu," akaniambia, "na wimbo mwatuachia, ama mwaondoka nao?"

Nilidhani anataka rekodi. Nikamjibu upesi kwa kuwa dereva alikuwa ananiita: "Hawe, nyimbo zote zapatikana kwenye simu. Mwambie mjukuu wako akutafutie."

Akanitazama kidogo.

"Simu sina, mwanangu."

Akashika mkongojo wake akaenda zake gizani. Nami nikapanda kanta.

Ni miezi miwili sasa, na swali lile nalala nalo, naamka nalo.

## Kadi na watu

Wageni walikuwa wanane, wametoka Marekani: wapiga gitaa wawili, mpiga dramu, waimbaji, na fundi wa mitambo mmoja mpole ambaye sidhani alilala vya kutosha hata usiku mmoja. Nawataja kwa heshima. Walijilipia nauli, walikula tulichokula, na mmoja wao alipoumwa na tumbo alipanda jukwaani hivyo hivyo. Walikuja kumsaidia mchungaji wetu kijana kupanda kanisa. Yeye alikuwa ameshakaa kule mwaka mzima na familia chache, wakikutana Jumapili chini ya mkorosho. Mpango ni ule ambao wengi wenu mnaujua: muziki unakusanya watu, neno linahubiriwa, wanaoitika wanaandikwa kwenye kadi, na kadi anaachiwa mchungaji.

Jioni ya tatu kadi zilifika 212. Nyingi niliziandika mwenyewe, simu yenye tochi nimeibana kwa kidevu. Nililia usiku ule, na sioni haya kusema.

Wiki ya tano nilichukua bodaboda kutoka Marafa nikaenda kumwona mchungaji. Jumapili ile, chini ya mkorosho, tulikuwa watu wazima kumi na wanne. Tisa walikuwa wale wa tangu mwanzo.

Watano, basi.

Wote watano nimewashika mkono na majina yao nayajua. Sitawaita makombo ya karamu iliyoharibika. Bwana mwenyewe alisema mbinguni kuna furaha kwa ajili ya mmoja. Kilichoniuma si hesabu. Kilichoniuma ni alichoniambia mchungaji baadaye, tumeketi juu ya gogo, anachora mchangani kwa kijiti:

"Mwalimu, kabla hamjaja tulikuwa tunaimba. Hatukuimba vizuri, lakini tuliimba. Sasa nikianzisha wimbo watu wananyamaza. Wananisikiliza, halafu wananiuliza bendi inarudi lini."

Nilikosa la kumjibu. Kwa miaka kumi na tisa nimefundisha kwaya, na sijawahi kufikiri kwamba muziki mzuri unaweza kuwafunga watu midomo.

## Mimi nililetwa na spika

Ningeweza kusema hapa kwamba mikutano ya namna ile haifai, na wako watakaonishangilia. Siwezi. Mwaka 1994 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nakaa Kisumu Ndogo hapa Malindi. Jioni moja nikasikia sauti ya kinanda inatoka uwanjani. Nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Nikaenda na chupa yangu mkononi hadi mbele ya jukwaa, nikasimama pale mpaka giza likaingia. Mahubiri siyakumbuki. Nakumbuka vidole vya yule mpigaji, na jinsi sauti ya chini ya kinanda ilivyonipanda kutoka kwenye nyayo.

Nilichapwa nilipofika nyumbani. Kesho yake nikarudi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watu hufuata spika na si Yesu, namwelewa, lakini mimi mwenyewe nilifuata spika. Agostino, yule askofu Mwafrika wa Hippo, aliungama kwamba kila alipoguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa alijiona ametenda dhambi, na akatamani asingelimsikia mwimbaji. Hata hivyo hakuthubutu kuziondoa nyimbo kanisani. Alikumbuka machozi aliyomwaga kule Milano wakati imani yake ikiwa bado changa, waumini wakiimba. Nampenda kwa sababu aliyaacha mambo yote mawili yasimame, hofu na machozi.

Ila nimekaa nikajiuliza kilichonibakiza ni nini, maana bendi ile ya 1994 iliondoka baada ya wiki moja. Kilichonibakiza ni mzee mmoja, karani mstaafu, aliyekuwa akitufundisha kwaya kila Jumamosi saa tisa. Alikuwa na ubao mweusi uliovunjika pembe. Aliandika solfa, d r m f, akatugonga vichwani kwa chaki tulipokosea *fa*. Nilikaa kwake miaka saba. Spika ilinifikisha mlangoni, na mzee yule ndiye aliyenipa kiti.

Kule juu ya Marafa sisi tulipeleka spika tu.

## Nyimbo zilizokuja na meli

Mwaka 1873 Wamarekani wawili, Dwight Moody na Ira Sankey, walivuka bahari kwenda Uingereza. Moody alihubiri. Sankey aliketi kwenye kinanda kidogo cha upepo akaimba peke yake kwa sauti ambayo watu waliweza kuifuata. Kule Uskoti wako walionung'unika, maana makanisa mengi yao yalizoea zaburi bila chombo chochote. Lakini nyimbo zile ziliingia midomoni mwa watu, wamisionari wakazibeba, zikatafsiriwa kwa Kiswahili. Leo nenda matangani Ganda au Jilore usiku, utasikia akina mama wanaziimba kwa sauti nne, kitabu hakuna, taa hakuna. Mwambie mmoja wao kwamba wimbo ule ni wa kigeni uone atakavyokutazama.

Kwa hiyo wimbo wa mgeni unaweza kuwa wa mwenyeji. Sina ubishi na hilo. Imechukua vizazi vitatu au vinne, na imechukua watu waliokaa.

Na hata baada ya vizazi vyote hivyo, kuna kitu bado kinakwaruza. Waimbaji wenzangu watanielewa. Chukua mstari huu, nautunga sasa hivi kwa mfano: *Mwokozi wangu nakuja.* Silabi nane. Tuni nyingi za Kiingereza za silabi nane huanza kwa pigo jepesi na kuishia kwa pigo zito. Ukiuweka mstari wetu humo unapata mwo-KO-zi WA-ngu NA-ku-JA. Mwanzo umekaa vizuri kabisa. Mwisho umeteguka. Hakuna mtu wa pwani, wala wa bara, anayesema naku-JA. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la Kiswahili hutua taratibu kama mtu anayekaa chini. Tuni ile inataka mstari uishe umesimama wima.

Sasa nikuambie nilichokifanya. Bendi ilifika na nyimbo zao mpya. Usiku mmoja kabla ya mkutano nilikaa kwenye chumba cha wageni nikatafsiri nne, kuanzia saa tatu hadi saa nane za usiku. Nilihesabu silabi zikatosha. Mkazo sikuuangalia, nilikuwa nimechoka. Jukwaani zilisikika vizuri kwa sababu dramu ilifunika makosa yangu.

Wiki ya tano nilimkuta yule hawe akichambua kunde. Nikamwomba aniimbie chochote alichokumbuka. Tuni aliikumbuka! Aliivumisha yote kwa pua, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maneno hakuwa nayo hata moja. Yalikuwa yamepukutika kwenye tuni kama mboga isiyofungwa vizuri kwenye mganda.

Niliona aibu. Aliniuliza kama nitamwachia wimbo, na wimbo wenyewe nilikuwa nimeutengeneza kwa namna ambayo haubebeki.

## Kayamba pembeni

Nilirudi Malindi na jawabu langu tayari. Tulikosea vyombo, nikajiambia. Tungeanza na vyao.

Kwa kweli tulikuwa na makayamba mawili jukwaani. Vijana wa pale waliyaleta, wakasimamishwa pembeni karibu na nguzo ya taa, wakapendeza kwenye picha. Fundi wa mitambo alijaribu kuwawekea maikrofoni, lakini mpigo wa kayamba si mpigo wa kuwekewa juu ya dramu. Ukiishika utaelewa. Ni matete yaliyopangwa sambamba na kushonwa yakawa kama mkeka mgumu mwembamba, ndani mna mbegu. Unaishika kwa mikono miwili, unaiinamisha huku na huku, mbegu zinakimbia kama mvua inayohama kutoka paa hili kwenda lile, na vidole gumba vinagonga juu yake. Inahesabu kwa tatutatu, na ndani ya zile tatu zimo mbili zilizojificha. Dramu yetu ilikuwa inahesabu nne, kavu. Kijana mmoja alijaribu kuifuata kwa dakika chache, kisha akaiteremsha kayamba akaishika tu mkononi.

Nikampigia mchungaji simu nikamwambia: safari ijayo kayamba ikae katikati, tuanze nayo.

Akanyamaza. Akasema, "Mwalimu, njoo uongee na mama fulani."

Ni mmoja wa wale watano. Tuliongea uani kwake, amempakata mtoto. Hakuzunguka.

"Hiyo kayamba mimi usiniletee."

Akanieleza. Kwa miaka alikuwa na pepo, na mganga alimchezea kayamba usiku kucha, mara ya kwanza, mara ya pili, mbuzi wakaisha. Kwake yeye kayamba si chombo. Ni usiku ule. "Nikiisikia, mwili wanitetemeka. Nimekuja kwa Yesu niikimbie, nanyi mwanifuata nayo hadi kanisani?"

Jawabu langu likafa pale uani.

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu kutumia muziki wa wenyeji, na mengi ni kweli. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliwaandikia Wakatoliki kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe nafasi yake katika ibada. Nakubali kwa moyo wote. Lakini anayekaa Malindi mjini kama mimi anaweza kuipenda kayamba kama urithi, anaiona kwenye sherehe na hotelini. Mama yule anaijua kutoka ndani. Nani kati yetu ni mwenyeji wa muziki ule? Nilikuwa tayari kumrudishia mzigo alioutua, tena kwa jina la kumheshimu.

Na watu wa Magarini, iliko Marafa, hawahitaji kufundishwa ngoma hufanya nini kwa umati. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka vijijini na kifudu, ngoma ya maombolezo. Watu walipokusanyika akasema nao juu ya Waingereza, wakala viapo. Amezikwa Bungale, huko huko Magarini. Wajukuu wa waliomfuata wanapoona jukwaa wanajua kabisa kwamba wamekusanywa. Swali lao ni moja tu: umetukusanya, wataka nini?

Tangu Aprili 2023 swali hilo limekuwa zito zaidi. Shakahola iko upande huu huu wetu wa Malindi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge kula hadi wafe. Siku ya kwanza ya mkutano, kabla hata hatujafunga spika, mzee mmoja alitusogelea akamuuliza mchungaji mbele yetu sote: "Na nyinyi, mwala?"

Mgeni mmoja aliomba nimtafsirie. Nikamtafsiria maneno, na maana ikanichukua jioni nzima kumweleza.

Usiku ule tulikula ugali na mchunga hadharani, na yule mzee alisimama kando akituangalia mpaka tukanawa.

## Mzee wa barazani

Jirani yangu ni Mwislamu, mzaliwa wa Lamu, mzee wa miaka themanini na kitu. Jioni nyingi tunakaa barazani kwake na kahawa. Tunajuana vizuri. Anajua mimi natamani watu waamini nini, nami najua yeye anaonaje jambo hilo, na hatujadanganyana. Nilimsimulia yote, kuanzia hawe hadi kayamba, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine asiye na upande katika jambo lile.

Akakohoa, akaniuliza, "Habib Swaleh wamjua?"

Namjua kwa jina, nani asiyemjua. Lakini mzee alinisimulia kwa namna yake. Alitoka Ngazija, visiwa vya Komoro, akaja Lamu akiwa kijana, karne ile ya kumi na tisa. Alipenda matari na kasida katika maulidi, na wako wakubwa wa mji waliochukizwa na ngoma karibu na msikiti. Yeye akaketi na wanyonge, watu waliowahi kuwa watumwa na watoto wao, wale ambao darasa za wakubwa hazikuwafungulia mlango. Akawasomesha. Msikiti wa Riyadha ukasimama, na hadi leo maulidi ya Lamu yanakusanya watu wa pwani nzima.

"Watu walikuja kwa matari, ni kweli," mzee akasema. "Lakini yeye hakuja na matari akaondoka na matari. Kaburi lake liko Lamu."

Akanimiminia kahawa nyingine, akaanza habari za bei ya samaki.

Siku mbili baadaye nilitembea hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Kwetu tuliokulia hapa nguzo ile ni mahali pa kupunga upepo, wala hatuitazami. Safari hii niliitazama. Aprili 1498 Wareno walipotia nanga hapa, mmoja wao aliandika shajara ya safari. Anasema mfalme wa Malindi alikuja na wapigaji wengi wa tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, kimo chake kimo cha mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni, na sauti zao zilipatana vizuri.

Nilisimama nikaipindua picha ile kichwani. Sikuzote nimefikiri kwamba muziki hutoka kwa anayekuja. Siku ile muziki ulitoka pwani kwenda majini. Wageni ndio waliokuwa wasikilizaji.

Kisha wakaweka msalaba wa jiwe. Mbele kidogo kuna kile kikanisa chao kidogo cha makuti, na makaburi uani. Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika mwenzake aliyefia njiani, akaendelea na safari. Msalaba ungalipo hadi leo, upepo wa bahari unaupiga. Ushirika wa kudumu haukuota. Ilibidi kungoja miaka mia tatu, hadi Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto mchanga mwaka huo huo, asiondoke. Akajifunza lugha.

## Ujumbe

Katikati ya hayo yote ukaingia ujumbe kutoka kwa mmoja wa wapiga gitaa. Mwakani wanakwenda Msumbiji ya kaskazini, upande wa Nampula, kwa Wamakua, wiki tatu. Wanataka niwe mpiga kinanda wao. Nauli wanalipa.

Niseme ukweli: moyo uliruka. Sijawahi kupanda ndege. Nilikwenda kumwambia mke wangu kabla sijamaliza kusoma. Naye akaniuliza swali moja tu, akiwa amenipa mgongo, anakuna nazi: "Kimakua wakijua?"

Sijui neno hata moja. Kule mimi ndiye nitakuwa mgeni mwenye spika. Nitapanga nyimbo usiku wa manane, nitahesabu silabi za lugha nisiyojua mkazo wake unakaa wapi, kisha mtu atanijia nikifunga zipu.

Mpiga gitaa huyu si mtu mwepesi. Aliwahi kukaa Japani miaka minne, na tulipokuwa Marafa alinisimulia. Kule Wakristo ni kama mmoja katika watu mia. Lakini tangu miaka ya 1990, baada ya filamu moja ya Marekani kupendwa sana, Wajapani wengi walianza kupenda nyimbo za injili za Wamarekani weusi. Kwaya zikaanzishwa makanisani na nje ya makanisa. Wengi wa waimbaji si Wakristo. Wanakuja kila wiki, wanalipa ada, wanajifunza alto yao, na wengine huimba miaka kabla ya kuuliza wanachokiimba ni nini. Wapo waliouliza, na wapo wasiouliza mpaka leo. Alinisimulia kwa upendo mkubwa habari za mama mmoja aliyeimba miaka mitatu kimya, halafu siku moja akabaki nyuma baada ya mazoezi.

Nikamwandikia: kama uliyaona hayo Japani, mbona hapa kwetu tulifanya jioni tatu?

Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha ukaja mstari mmoja.

"Kwa sababu tulikuwa na siku tatu."

Nimemheshimu zaidi kwa jibu lile kuliko kama angelijitetea. Likizo ya kazini ni siku kumi, safari inakula nne, wafadhili wanataka kuona jukwaa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Umbo la safari ndilo lililoamua umbo la wimbo.

Nimemjibu kwamba nitakuja, lakini bila kinanda. Nitangulie miezi miwili, nikae kwa mtu mmoja, kijiji kimoja, nijifunze wanaimbaje wanapotwanga na wanapobembeleza watoto. Bendi ikifika iwakute watu ambao tayari wanaimba kitu chao wenyewe, na ipige nyuma yao. Na mwaka unaofuata nirudi pale pale. Amesema atawauliza viongozi wake. Inaweza kuwa hapana. Nimeshamwambia mke wangu asinunue begi.

## Mtoto wa hawe

Alhamisi iliyopita nilirudi kijijini, mikono mitupu, isipokuwa daftari na penseli.

Nilimkuta hawe na yule mama wa kayamba wamekaa kivulini wanapukuchua mahindi. Nikamwambia, "Hawe, nimekuja kuuchukua wimbo badala ya kuuleta. Wewe waimba nini?"

"Mimi siimbi, mwanangu. Nimezeeka."

Tukapukuchua mahindi. Nusu saa, zaidi. Kitukuu chake kikaamka ndani kikalia, akaingia, akatoka nacho mgongoni amekifunga kwa leso. Akawa anatembea mbele na nyuma pale uani, na bila kutufikiria sisi akaanza kuimba.

Wimbo wa kubembeleza. Mistari miwili mifupi, wa pili ukishuka, kila neno limetua pale linapotua mtu akisema. Unahesabu tatutatu, kama kayamba, lakini si wa mganga. Hakuna mganga aliyewahi kuushika. Ni wa mgongoni.

Nilimtazama yule mama. Mikono yake iliendelea na mahindi, na midomo yake ilikuwa inafuata.

Nikaukumbuka wimbo wetu wa taifa, ambao sote tunausimamia bila kukumbuka ulikotoka. Mwaka 1963 tume ya watu watano, akiwamo kasisi wa huku kwetu, Thomas Kalume, ilichukua tuni ya Wapokomo wa Mto Tana, waliyopewa na Mzee Meza Galana. Ni tuni ya kubembelezea mtoto. Maombi ya nchi nzima, *Ee Mungu nguvu yetu*, yamepandishwa juu ya mgongo wa mama mmoja wa Tana ambaye hata jina lake hatulijui.

Nikaandika solfa haraka haraka. Mchungaji alikuwa amefika, amesimama nyuma yangu, ananong'ona kama tunaweza kutia maneno ya zaburi humo. Hawe akamsikia.

"Ngojani kwanza," akasema. "Auimbe, nimsikie."

Nikasimama, mtu mzima, mwalimu wa kwaya, nikauimba kutoka kwenye daftari. Akanisikiliza huku anatikisa mgongo taratibu, kichwa cha mtoto kimelala upande.

"Hapo mwisho wakimbia," akaniambia. "Rudia. Mtoto hajalala."